Pishi Moja ya Sanaa

Hapo zamani, enzi ambazo sultani aliweza kuulizwa swali barazani na asimtafute mwingine wa kumjibia, palikuwa na mji ukiitwa Shangamu, na humo akikaa mshona makubadhi mmoja, Ngwali jina lake, fukara wa kutupwa. Hakuwa na kitu ila binti yake, Mize. Hesabu zilikuwa zikimkimbia mtoto yule, lakini akishika kipande cha mkaa akachora mbuzi ukutani, mbuzi wa jirani walikuja kumnusa.

Basi ikawa Badiri, waziri wa mji huo, amerudi safarini na neno jipya, nalo ni tija. Kila alichokitazama aliuliza, "Kina tija?" Akaenda chuoni, akawakuta watoto wakichora, wakichonga na kupiga vugo, ile pembe ya nyati wapigayo wanawake arusini. Akauliza swali lake. Mwalimu wao, Mwana Hadiya, akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomponza. Kufika adhuhuri Sultani Zahoro alikwisha kutoa amri: chuoni zifundishwe hesabu tu, na Mwana Hadiya auhame mji mara baada ya arusi ya binti sultani.

Tangu siku hiyo Mize akaacha kusema. Alikwenda chuoni, akarudi, akala, akalala. Ngwali akimtazama moyo humwuma kweli kweli, kwani njaa alikwisha kuizoea, ila kimya cha mwanawe hakuweza kukizoea.

Wazazi wa watoto wa chuoni wakafunga safari kwenda barazani. Njiani wote walikuwa mashujaa. Walipofika mlangoni, kila mmoja akakumbuka kuwa mwenziwe ndiye ajuaye kusema. Ngwali akajikuta mbele, kwa kusukumwa.

"Bwana wangu," akasema, "twaomba watoto warudishiwe sanaa yao."

Waziri akadakia, "Mchele hupimwa. Karafuu hupimwa. Hiyo sanaa yenu yapimwa kwa kipimo gani?"

Sultani akalipenda neno hilo. "Naam! Ewe Ngwali, siku ya arusi ya binti yangu niletee pishi moja ya hiyo sanaa, imejaa sawasawa. Ukiileta, itarudi chuoni. Ukishindwa, utahama pamoja na mwalimu wenu."

Wazazi wakaangalia vidole vya miguu yao. Ngwali akainama. "Labeka, bwana wangu. Pishi ni kubwa, lakini nikikusanya ya mji mzima itajaa. Ila naomba amri yako, mtu asiimwage hata tone mpaka nikuletee."

"Amri imetoka," akasema Sultani, na baraza zima likacheka.

Ngwali akaazima pishi ya mbao kwa muuza mchele, akazunguka nyumba kwa nyumba. Waimbaji wakanong'ona nyimbo zao humo, akafunika. Mpakaji hina akachora maua hewani juu yake, akafunika. Mpiga siwa, ile baragumu kuu ya masultani, akapulizia humo pumzi moja, akafunika. "Basi, kwenu imekwisha," akiwaambia. "Amri ya Sultani." Na hata wanawake wa jumbani, kwa woga, wakatii.

Siku ya arusi ikafika, bwana arusi akaja na jamaa zake kutoka mji wa pili. Hapakuwa na vugo wala wimbo. Bibi arusi akatolewa viganja vitupu, nguo yake haina hata uzi mmoja wa darizi. Watu wakala pilau kimya, kila mmoja akisikia jirani yake anavyotafuna. Nyanya yake bwana arusi akaingia, akatazama huku na huku, akaketi chini akaanza kulia. "Poleni, jamani! Amefariki nani?"

Babu yake bwana arusi naye akanena, "Siwa iko wapi? Binti sultani haozwi bila siwa. Au huyu si binti sultani?" Yeye na jamaa zake wakaanza kutafuta viatu vyao.

Sultani jasho likamtoka. "Ngwali! Nyimbo ziko wapi? Hina iko wapi?"

"Vyote vimo humu, bwana wangu. Pishi imejaa sawasawa. Waziri na aipime."

Waziri akafunua, akachungulia, akaingiza mkono, kisha akaipindua juu chini. "Tupu! Hamna kitu!"

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali. "Kama hamna kitu, basi hakuna kilichopungua arusini. Na kama arusini pamepungua kitu, ndicho hicho waziri alichokimwaga sasa hivi."

Sultani akatazama sakafu. Akamtazama yule nyanya, angali akimlilia marehemu asiyemjua. Akacheka hata kilemba kikamlegea, kisha aibu ikamshika.

"Mwana Hadiya hahami," akasema. "Watoto warudishiwe kila kitu. Na wewe Badiri, umeimwaga, basi utaizoa. Kesho ukakae mkekani na watoto mpaka ujue kupiga vugo."

Siwa ikalia, nyimbo zikaanza, na Mize akaitwa asaidie kumpaka bibi arusi hina. Mtoto akakishika kile kiganja kitupu, akakitazama kwa muda, akamgeukia babake.

"Baba, nichore mbuzi?"

Ngwali akatikisa kichwa kukubali.

Binti sultani akaolewa akiwa na mbuzi wa hina kiganjani, naye waziri akapiga vugo miaka saba, vibaya kuliko mtoto yeyote mjini. Hapa hekaya imejaa. Mwenye pishi na aifunike.