Mfuko wa Chumvi wa Bibi Ailith

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika nchi ya Uingereza, zama za kale, palikuwa na mji wa bandari uliojaaliwa riziki yake katika samaki aitwaye heringi. Wanaume walivua, na wanawake wakapanga samaki katika mapipa: safu ya samaki, safu ya chumvi, hadi juu. Kila pipa lilitengewa mifuko miwili ya chumvi, mmoja wa nusu ya chini na mmoja wa nusu ya juu. Pipa likishajaa lilipigwa chapa kwa chuma cha moto, na kila nyumba ilikuwa na chapa yake.

Mjini humo aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Ailith. Mumewe, Osbert, alifariki kwa homa katikati ya msimu wa uvuvi, na hawakujaaliwa mtoto. Chuma chake cha chapa, chenye umbo la ufunguo, ndicho kitu pekee kilichobaki kulitaja jina la Osbert mbele za watu.

Wiki tatu baada ya maziko, Bibi Ailith alijikaza akalitungua koti la marehemu ukutani ili alitoe sadaka. Chini yake palikuwa na mfuko wa chumvi, ungali umefungwa. Akaketi sakafuni. Alikumbuka kwamba siku ya pili ya msiba alipanga mapipa saba huku machozi yakimtoka. Basi pipa mojawapo lilikosa chumvi ya chini, na yote saba yalikwisha kupelekwa nyumba ya wakoma, nje ya ukuta wa mji, yasubiri Kwaresima.

Alimweleza jirani yake, Hawise.

"Shoga, nyamaza," Hawise akasema. "Wakoma hawaruhusiwi kuingia sokoni. Nani atakuja kukushtaki?"

"Hilo ndilo linalonitisha."

"Haya, nenda kwa msimamizi wa soko! Thurstan yule hana huruma hata na paka wake. Atakivunja chuma cha Osbert mbele ya macho yako, kisha uje kunililia mimi."

Hawise alisema kweli. Sheria ya mji ilikuwa kwamba pipa la mtu likikutwa limeoza, chuma chake huvunjwa sokoni, wala hapewi kingine maisha yake yote. Bibi Ailith alikiweka chuma kile mapajani, akakipangusa masizi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaomba dua. Kisha akakichukua pamoja na ule mfuko, akaenda kwa Thurstan, msimamizi wa soko, akamweleza yote.

"Nani amekushitaki, bibi?" Thurstan akauliza.

"Hakuna, bwana."

"Basi rudi nyumbani. Una msiba."

"Chumvi hii ilikuwa ya wagonjwa, bwana. Nikirudi nayo nyumbani, nitakula nini nayo?"

Thurstan akatuma watu wayarudishe mapipa yote saba sokoni. Akaamuru yafunguliwe. La kwanza zima, la pili zima, la tatu zima, la nne zima. Pipa la tano, walipofika katikati, watu waliziba pua.

"Sheria haikuandikwa kwa ajili ya machozi," Thurstan akasema, ila sauti yake ilikuwa ya chini. Mhunzi akakiweka chuma juu ya fuawe, akakipiga mara tatu. Bibi Ailith hakulia. Aliomba ruhusa ya jambo moja tu, apange pipa jingine badala ya lile. Akalipanga, akalisindikiza mwenyewe hadi kwenye lango la wakoma.

Tangu siku hiyo mapipa yake yalikaa sokoni bila chapa, pembeni, mahali pa bidhaa duni. Mwaka ulipita, akasubiri. Msimu wa pili akaja nahodha mgeni, akayapita mapipa yote yenye chapa.

"Nataka lile lisilo na alama," akasema.

"Kwa nini?" Thurstan akamuuliza.

"Nimeambiwa huko njiani kwamba mwenye pipa hilo hujishitaki mwenyewe."

Bibi Ailith aliyasikia hayo akiwa amesimama nyuma ya mapipa yake. Hapo ndipo alipolia, akamshukuru Mola wake, akalitaja jina la Osbert.

Bandari ile ilizibwa na mchanga siku nyingi, na vyuma vyote vya chapa vimeliwa na kutu. Aliye na mfuko uliofichika chini ya koti na autoe leo, kabla pipa halijafunguliwa.