Nundu ya Reli Chini

Hapo zamani, si ile zamani ya majitu na wafalme, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo watu walikuwa na simu mifukoni, palikuwa na mji mmoja wa machungwa uliokatwa kati na reli. Waliokaa upande wa mlimani waliitwa Reli Juu. Waliokaa upande wa bondeni waliitwa Reli Chini. Huku timu, kule timu. Na kila mwaka, machungwa yakiisha kuvunwa, timu hizo na nyingine za jirani zilishindania fahali mmoja mwenye nundu.

Miaka tisa fahali alivuka reli kwenda juu. Miaka tisa watu wa Reli Chini walisikia harufu ya mishikaki ya wenzao, wakala ugali wao na kisamvu, wakasema, "Mwakani." Na mwakani ikija, wakasema tena mwakani.

Sasa shikeni hili, maana bila hili hadithi haiendi. Katika mji ule nyama ya ushindi huliwa na wote wa upande ulioshinda, ila nundu haigawanywi. Hupewa mtu mmoja, nzima, mbele ya watu, naye huitwa Mwenye Siku. Mnauliza kwa nini? Kwa sababu enzi za babu zao timu ilikuwa moja tu. Mgawaji mmoja mwenye huruma akaikata nundu vipande viwili ili asimuudhi mtu. Wa kwanza akasema kipande cha mwenzake ni kikubwa. Wa pili akasema cha mwenzake kina mafuta. Kufika masika timu zikawa mbili, na mpaka leo hawaazimani hata pampu ya mpira. Watu husingizia reli bure.

Kisu cha Reli Chini kilikuwa mikononi mwa Shekue, mwenye bucha na katibu wa mashabiki. Shekue alikuwa mtu wa amani, lakini alioa katika ukoo usiojua kunong'ona. Mkewe Mwajabu, muuza chai, ndiye aliyeongoza nyimbo uwanjani, na kigelegele chake kilivuka reli bila nauli. Shemeji yake Hemedi, kaka wa Mwajabu tumbo moja, alikuwa kinyozi, na hakuna mchezo aliousikia redioni asiujue kuliko kocha.

Basi mwaka wa kumi ukaingia. Fomu ya usajili ilikuwa imebakiza nafasi moja, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Mashabiki wakajazana kwa Hemedi kujadili. Shekue alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Mtu mmoja pale mlangoni akasema, "Kwa nini tusimrudishe Kilua?"

Hemedi akazima mashine.

Kilua mnapaswa kumjua. Alizaliwa Reli Chini, akawa kiungo, akaenda kucheza mjini kwenye timu kubwa, akarudi na goti bovu, akafungua kibanda cha kutengeneza saa. Jina lake la uwanjani lilikuwa Taratibu. Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja.

"Kilua yupi?" Hemedi akasema. "Huyu wa saa? Jamani, mtu akipanda ngazi ya msikiti goti lake linalia mpaka imamu anageuka! Tumchukue yule kijana wa Mombo anayeshindana na pikipiki. La kuvunda halina ubani."

Mwajabu alikuwa ameingia na birika lake. Akalitua chini.

"Kaka, hebu niulize. Kwani Kilua ujanani alikuwa na mbio?"

Akawageukia waliokuwapo.

"Alikuwa na mbio lini? Si ndiyo maana aliitwa Taratibu? Sasa kitu ambacho mtu hakuwa nacho kitamwishaje?"

Kibanda kizima kikacheka, hata waliokuwa upande wa Hemedi. Mwajabu akaongeza, "Wewe si ni mtoto wa mjini? Unajua. Ng'ombe hazeeki maini."

"Dada, maini hayachezi mpira. Inacheza miguu."

"Kinacheza kichwa, kaka. Miguu inatumwa tu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Wakapiga kura. Mikono kumi na mmoja ikamtaka Kilua, mikono kumi na mmoja ikamtaka kijana wa Mombo. Mtu mmoja hakunyoosha, maana mikono yake ilikuwa chini ya shuka.

"Shemeji, sema," Hemedi akamwambia Shekue. "Ila kumbuka nusu ya kichwa chako bado iko kwangu."

"Baba Rehema, sema," Mwajabu akamwambia. "Ila kumbuka unalala wapi."

Shekue akajitazama kwenye kioo. Alimkumbuka Kilua akiwa kijana, akisimama katikati ya uwanja na mguu juu ya mpira, na watu wazima wakimzunguka hawajui waanzie wapi. Alikikumbuka pia kisu chake, miaka tisa bila nundu, na roho ikamuuma kweli. Alitaka aikate mgongoni mwa fahali mara moja tu, kabla mkono haujaanza kutetemeka.

"Tumsajili Kilua," akasema.

Hemedi akaitundika mashine ukutani. Siku tatu Shekue aliuza nyama na kofia kichwani, na wateja wakawa wanakuja kununua robo kilo ili tu wamwombe aivue.

Lakini Kilua mwenyewe alikuwa hajaulizwa. Kura ilipokwisha tu, Mwajabu alichukua saa ya ukutani ya nyumbani kwake, akaipeleka kibandani. Kilua akaifungua, akaitazama, akaifunga. "Dada, saa hii haina ugonjwa."

"Itazame tena."

Akaitazama tena. "Haina."

"Itazame mara ya tatu."

"Mama Rehema, saa hii ni nzima kuliko mimi!"

"Najua," Mwajabu akasema. "Mgonjwa ni timu. Weka sahihi yako hapa, dirisha la usajili linafungwa saa kumi." Kilua akacheka, na mtu akishacheka mkono hulegea. Akatia sahihi.

Alfajiri ya pili mlango wa Kilua ukagongwa. Akafungua akidhani ni mteja mwenye haraka. Alikuwa Hemedi, na kitambaa cha kinyozi begani na chupa ya mafuta ya nazi mkononi.

"Nilikataa usisajiliwe," Hemedi akasema. "Nimeshindwa. Sasa nakataa usichekwe. Toka nje tukimbie."

Wiki tano, kila alfajiri, Hemedi alimkimbiza Kilua kandokando ya reli, wakirudi alimkanda goti kwa maji ya moto na mafuta, na siku zote alimtukana. Akamfuata kocha pia: "Huyu usimwingize kabla ya kipindi cha pili. Ukimwingiza kabla, nitakunyoa mimi mwenyewe." Kocha alikuwa na nywele nzuri, akatii.

Palibaki neno la jezi. Zilizokuwapo zote zilikuwa na wenyewe, na Kilua akasema atavaa hata fulana. Ndipo akasimama Mndolwa, kijana wa miaka ishirini, kiungo mchezeshaji wa timu, namba kumi kwa mwaka wa tatu. Akaivua namba kumi, akampa Kilua mikononi. Akamwachia na nafasi yake ya katikati. Yeye akavaa fulana kuukuu, akaandikwa kumi na saba mgongoni kwa kiwi ya viatu, akaenda kukimbia pembeni. Mama yake alilia. Yeye hakulia mbele ya watu.

Reli Chini ikacheza, ikafika fainali. Na fainali ilikuwa na nani? Mnajua wenyewe.

Kipindi cha kwanza, sare. Kipindi cha pili kikaanza, bado sare. Zilipobaki dakika ishirini, Kilua akainuka benchi. Upande wa Reli Juu wakaanza kuimba, "Babu, njoo ukae! Babu, njoo ukae!" Mwajabu akapanda juu ya kreti la soda, akajibu na kundi lake, "Taratibu, ndiyo mwendo! Taratibu, ndiyo mwendo!" Mvua nyepesi ikanyesha, kiwi ikayeyuka, namba kumi na saba ikamtiririkia Mndolwa mpaka kwenye soksi.

Kilua alitembea. Nawaambia alitembea! Mpira ukimfika, anautuliza, anautoa, anasimama. Akitoa kushoto, Reli Juu wote wanakimbilia kushoto. Akitoa kulia, wote wanahamia kulia. Wao wakachoka, yeye bado ana pumzi.

Dakika ya mwisho mpira ukamfika karibu na lango, yeye amelipa lango kisogo. Akaukanyaga. Mabeki watatu wakamziba mbele. Akangoja. Kwenye kamba ya kando ya uwanja, Hemedi uzalendo ukamshinda, akapiga kelele za hasira, "Toa mpira, we mzee! Nyuma yako kuna mtu!"

Kilua hakugeuka. Akagusa kwa kisigino. Nyuma yake Mndolwa alikuwa anakuja mbio na mgongo mweusi tititi. Kipa alimwona akija, mpira hakuuona.

Goli! Mwajabu akaanguka na kreti lake. Watu wasiosalimiana wakakumbatiana. Shekue alilia hadharani, akajipangusa kwa kofia, na wala hakuona haya. Fahali akavuka reli, safari hii kuja chini.

Kesho yake, jua limeshapanda, fahali akachinjwa uwanjani. Nyama ikagawiwa, maini yakaliwa, supu ikanywewa. Nundu ikachomwa taratibu, mafuta yakichuruzika kwenye mkaa, ikawekwa juu ya sinia. Hata watu wa Reli Juu walikuja mpaka kwenye reli wakasema, "Tupeni sisi! Bila sisi mngemfunga nani?" Wakapelekewa supu.

Shekue akashika kisu. "Mwenye Siku ajulikane," akasema.

Mwajabu akawa wa kwanza. "Mimi nilimwona mtu, nyinyi wote mkiona goti tu. Nilisimama kwenye kibanda cha wanaume nikasema. Nikaenda kibandani kwake na saa nzima, nikarudi na sahihi. Bila mimi Kilua leo angekuwa anahesabu meno ya gurudumu la saa. Baba Rehema, usinipe kwa kuwa ni mkeo. Nipe kwa kuwa nilisema kweli."

Watu wakasema, "Ni kweli."

Hemedi akasogea. "Dada alileta mtu mwenye goti. Goti nililitengeneza mimi. Wiki tano alfajiri haikunikuta kitandani. Dada alimwamini, naam, lakini imani haikandi goti. Kama nisingemkataa, nisingemkimbiza, na nisingemkimbiza angeanguka dakika ya tano. Tena nyuma yako kuna mtu, alisema nani?"

"Ulikuwa unamtukana!" mtu akapaza sauti.

"Nilimtukana ukweli!"

Watu wakacheka, wakasema, "Ni kweli."

Kilua akasubiri kicheko kiishe. "Dada alinileta, nashukuru. Kaka alinikanda, nashukuru. Lakini pale mbele ya lango nilikuwa na nani? Sauti nilizisikia mia, na nyingi zilisema piga. Moja tu nikaichagua. Nilikuwa nimeshastaafu mpira, nikarudi kuchekwa nikiwa na umri wa kuheshimiwa. Na wenyewe mnasema, mcheza kwao hutunzwa."

Watu wakasema, "Ni kweli."

Mndolwa akaja mwisho. Mgongo wake bado ulikuwa na kiwi. "Wazee wangu, shikamooni. Kila mmoja wenu aliingia katika jambo hili akiwa na chake, akatoka nacho. Dada ana sauti yake, kaka ana mashine yake, mzee Kilua alipata namba. Mimi peke yangu nilivua. Nilikimbia mbio zangu na zake. Na goli lile, mkiuliza hata kule juu, watawaambia lina jina langu."

Watu wakasema, "Ni kweli." Lakini sasa hawakusema pamoja. Hawa walimsemea huyu, wale walimsemea yule. Kicheko kikapungua. Hemedi akamwambia dada yake neno, dada akamgeuzia bega. Marafiki wa Mndolwa wakajikusanya upande, wale wa umri wa Kilua wakajikusanya upande mwingine, na Shekue akaona nafasi tupu inafunguka katikati ya uwanja, pale pale walipokuwa wakicheza ngoma muda mfupi uliopita.

Akapiga hesabu moyoni. Akimpa mkewe, watasema kampendelea. Akimnyima, atawaambia nini majirani, na atamwambia nini yeye? Akimpa shemeji, amemtunza aliyekataa. Akimpa mkongwe, kijana gani atavua jezi tena? Akimpa kijana, mkongwe gani atarudi tena nyumbani? Na kuikata vipande haikatwi.

"Baba Rehema," Mwajabu akasema kwa upole, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona, "nundu inapoa."

Shekue akainua sinia kwa mkono mmoja, akawatazama wote wanne, akapiga hatua ya kwanza.

Mimi siku ile nilipewa utumbo, na utumbo hakuna aliyeugombea, kwa hiyo sina upande. Nawauliza nyinyi mliokaa hapa. Yuko aliyemwona mtu. Yuko aliyemkataa kisha akamkanda. Yuko aliyetoa pasi, na yuko aliyevua namba. Kama sinia lingekuwa mkononi mwako wewe, na timu ni hiyo hiyo moja, hatua ile ungeielekeza kwa nani? Je, nani alistahili nundu?