Saa ya Bwana Faki Siku ya Harusi

Saa ya sandukuni haijui alasiri. Nimemwambia Subira hivyo kwa ajili ya vile viatu vyake vilivyokaa kwenye boksi tangu Idi ya mwaka juzi, nanyi mmecheka, mkataka kujua nimeyatoa wapi maneno hayo. Basi sogeeni. Yalitoka hapa hapa Wete, siku ya harusi ya bibi yangu mzaa mama.

Zamani hizo Unguja kulikuwa na fundi saa, jina lake Kanji. Alitengeneza saa za mfukoni saba tu, za fedha, tarakimu zake amezichora kwa mkono, na nyuma ya kila moja akaandika namba yake. Alipomaliza ya saba aliweka vifaa chini. Watu walimbembeleza aongeze, naye akawajibu kwamba cha wengi hakiulizwi. Hapo ndipo walipozidi kupagawa. Siwacheki sana, maana mimi mwenyewe nimewahi kuishika namba nne. Ukikifungua kifuniko, ukakumbuka kwamba duniani ziko sita tu nyingine, moyo unafurahi hata kama hutaki.

Nne kati ya hizo ziliishia Wete, moja kwa Bwana Faki, na tatu kwa rafiki zake. Kila Ijumaa baada ya sala walikutana barazani kwake, kila mmoja na kisanduku chake, wakazitazama na kuzisifu. Kuzivaa, hapana, zitachubuka. Kuzitia ufunguo, hapana, zitachakaa. Walizipangusa kwa hariri wakazirudisha sandukuni, na aliyetaka kujua wakati alitazama kivuli kama watu wengine.

Bwana Faki alimpenda Mize binti Makame, msuka mikeka. Alimposa mara mbili, akakataliwa mara mbili. Mize hakuona ila kwake isipokuwa moja: alimwambia kaka yake, Kombo, kwamba mtu yule akipenda kitu hukifungia, na yeye hataki kufungiwa. Posa ya tatu aliikubali kwa shingo upande, nikaha ikapangwa mara baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa Kombo.

Siku ilipowadia, wale rafiki watatu walikuja kumvika bwana harusi kanzu, joho na kilemba. Kwa furaha wakavunja mwiko wao, wakasema leo saa zote zitembee. Wakazitia ufunguo. Mmoja akapanga mishale yake kwa kukisia, wengine wakafuatisha ya kwake. Zikawa zinakwenda pamoja, nao wakakaa kuzisikiliza, wamelewa kwa raha. Zote zilisema ni saa nane na nusu.

Punde adhana ya alasiri ikasikika. Wakatazamana, wakazitazama saa zao, wakaafikiana kwamba mwadhini masikini kazeeka, leo kawahi mno. Saa za Kanji haziwezi kukosea zote nne kwa pamoja. Wakaagiza kahawa nyingine.

Huko kwa Kombo wageni walisali, wakakaa, wakachoka. Kombo alikuwa ameshaanza kuwaomba radhi ndipo bwana harusi alipoingia, anatabasamu. Shekhe akamwuliza kulikoni. Bwana Faki akaitoa saa kwa heshima, akamwonyesha kwamba amewahi. Shekhe akanyoosha kidole kuelekea uani, ambako kivuli cha ukuta kilikwisha kuvuka kisima. Watu wakaangua kicheko. Bwana Faki hakucheka. Alimwona Kombo akiinuka kwenda ndani kwa Mize, naye alijua anakwenda kumwuliza kama bado anakubali. Jasho likamtoka mpaka kilemba kikalowa.

Kombo akarudi. "Mize anauliza, saa hiyo ilitembea lini kabla ya leo?"

"Haijatembea hata siku moja," Bwana Faki akasema.

Kombo akaingia tena, akatoka anauma midomo asicheke. "Anasema, saa ya sandukuni haijui alasiri. Ikiwa utaitoa ikazoea jua, na yeye utamwacha azoee jua, basi shekhe na aendelee."

"Mwambie itatoka, na yeye atatoka," Bwana Faki akajibu. "Kisanduku nampa atilie sindano zake."

Kombo hakuhitaji kuingia mara ya tatu. Nyuma ya pazia kigelegele kilikwisha kupigwa, na shekhe akasema katika umri wake wote hajapata kumsikia bibi harusi akijipigia mwenyewe.

Babu aliivaa saa ile miaka thelathini na minane, na kila magharibi aliirekebisha kwa adhana ya mwadhini yule yule. Ilichubuliwa na matawi ya mikarafuu. Ilibonyea ubavu siku alipoanguka akimfukuza mama yangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Wenye saa wenzake walipomwonea huruma, aliwaambia kwamba zao bado zinang'aa, tena zinang'aa sana, lakini hazijapata kuona lolote. Kisha aliwacheka, na kuwakumbusha: saa ya sandukuni haijui alasiri.