Kava la Kisutu

Bosi Shekiondo wa ushirika alikuwa na mkono mrefu kwa vya watu. Karani wake Mwatumu alipoletewa laptopu mpya na kaka yake, bosi aliiazima "kidogo tu", ikalowea mezani kwake. Kisha akamwagiza, "Ijumaa nawahutubia wanachama. Ichagulie kava la heshima."

"Haya, bosi." Mwatumu akaleta kava alilolishona kwa kanga ya kisutu.

"Kanga? Mimi mwanamke?"

"Kisutu ni kanga ya harusi, bosi. Kuna heshima kuliko hiyo?"

"Na haya maandishi?"

"Jina la kanga tu. Mambo ya wanawake."

Bosi akacheka. "Kweli, mwanamume mzima hasomi kanga. Ivalishe."

Ijumaa akaifungua laptopu, mgongo wa laptopu wenye kava ukawaelekea wanachama, akaanza kuhubiri uaminifu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasoma, akamfinya jirani yake. Mara ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" bosi akafoka.

Mwatumu akainuka kwa adabu, mikono ameinyoosha kupokea laptopu yake.

"Wanasoma kanga, bosi. Imeandikwa: 'Cha kuazima hakisitiri matako.'"