Namba Arobaini na Moja

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Alikuwepo mwanasheria mmoja, mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa kusema hapana. Kampuni kubwa ikitaka kujenga bandari au kuchimba madini nchi za watu, yeye anatangulia, anaangalia nani anasubiri bahasha. Miaka ishirini! Alishamrudishia waziri saa ya dhahabu, mbele ya watu.

Mama yake, muuza nyanya, alijivunia binti huyo mpaka akawa anakera. Ukimuuliza bei, kwanza usikie habari za binti. Nami simlaumu. Wewe ungenyamaza?

Basi binti akaja likizo, akampeleka mama hospitali ya macho. Wakapewa namba arobaini na moja. Kumbe ndiyo kwanza imeitwa ya kumi na mbili, na ndege ya binti inaondoka saa kumi jioni. Anakwenda kuhutubia wakubwa wa mataifa, na mada ni uaminifu!

Akapiga simu. Daktari wa zamu alisoma naye. "Pitieni mlango wa nyuma," akaambiwa.

"Mama, nyanyuka twende."

"Tumeitwa?"

"Bado. Daktari ni rafiki yangu."

Mama akamgusa mzee aliyekaa naye benchi moja, jicho limefungwa bandeji, amefika tangu jana kwa lori. "Na huyu baba, namba kumi na tatu, rafiki yake nani?"

"Mama jamani, mbona sijatoa hata shilingi!"

"Mwanangu, yule waziri wa saa, si naye alikuambia ni urafiki tu?"

Mnamwona binti? Mawaziri hawakumtisha, lakini muuza nyanya alimweza. Akakaa. Ndege ikaondoka. Saa kumi na moja kasoro wakaitwa, arobaini na moja, akamshika mama mkono wakaingia kwa mlango wa mbele. Na kabla ya hapo alikuwa ameshawaandikia wenyeji wake: "Samahani, siji. Aliyenifundisha kazi hii bado yuko kwenye foleni."

Nasema kwa fahari, watu wa namna hii tunao. Wamezaliwa humu humu kwetu, wamelelewa kwa pesa ya nyanya. Lakini sisi wengine je? Tukisikia rushwa tunawataja wakubwa. Anayetupitisha mlango wa nyuma tunamwitaje? Si tunamwita mtu mwema?

Mmecheka, sawa. Wiki iliyopita pale kituo cha afya nilisema tu, "Mimi ni mchungaji," nikapelekwa mbele. Nikatoka nikimshukuru Mungu, nikasema ni baraka. Mliokuwa kwenye foleni siku ile nawaona, mmekaa pale upande wa dirisha. Mama mwenye kitenge cha kijani, ulikuwa na mtoto ana homa. Nisameheni. Jumatano narudi kuchukua majibu, na nitakaa kwenye benchi mpaka namba yangu iitwe.