Mtarakwa wa Mikeka Mitatu

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu walioshiba viazi. Haya, sogezeni kuni, nianze.

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na mjane mmoja jina lake Nakijwa. Alikuwa msusi wa vikapu, na kiwanja chake kilikuwa na upana wa mikeka mitatu tu, nyumba ikiwa humo humo. Ukipiga chafya chumbani, kuku wa uani anashtuka.

Katika nchi ile kila mlango ulikuwa na mtarakwa wake, ule mti unaonukia, usiopukutisha majani. Jumbe aliupa mti jina, na jina la mti likawa jina la nyumba. Nyumba isiyo na mti wenye jina haikuhesabiwa kuwa nyumba. Kiwanja chake alipewa mtu mwingine.

Nakijwa akapanda mtarakwa. Ukakua, ukakua, ukakua, ukabomoa ukuta. Akaukata huku akilia. Akapanda wa pili. Ukakua, ukakua, ukakua, ukainua paa. Akaukata huku akiulaani.

Jumbe Senzota akaja, nyuma yake jirani aitwaye Sempombe, tajiri wa ng'ombe, aliyekuwa akikitamani kiwanja kile awafungie ndama wake.

"Bibi Nakijwa," akasema Jumbe, "nakupa masika matatu. Yakipita nawe huna mti, Sempombe atachukua kiwanja."

Nakijwa aliogopa kweli kweli. Ndimo alimoishi na marehemu mumewe, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Siku moja alikuwa msituni akitafuta kamba za vikapu. Kima akamwona toka juu.

"Shikamoo bibi. Mbona uso umeukunja hivyo?"

"Marahaba. Natafuta mti usiokua."

Kima akajikuna. "Pale Kwekikoro, juu ya mtarakwa mkongwe, tawi moja limeota kichaka kilichosongamana kama nywele zisizochanwa. Nyinyi mnakiita ufagio wa mchawi, hamkigusi. Mimi hukilalia. Tangu enzi za babu yangu hakijaongezeka kimo."

"Nivunjie kijiti chake."

"Nivunje kitanda changu? Sitaki."

"Nivunjie, mjukuu wangu."

"Sitaki."

"Nivunjie, nikupe ndizi mbivu kikapu kizima."

"Kikapu chenyewe nibaki nacho?" akauliza Kima, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kupanda.

Nakijwa akakipanda kijiti kwenye chungu kilichotoboka. Masika ya kwanza kikatoa mizizi, naye akakihamishia mlangoni. Masika ya pili kikafika kwenye kifundo cha mguu. Masika ya tatu kikafika gotini, kikatulia hapo, cha mviringo kama kuku anayeatamia.

Siku ya kutoa jina ikafika, na watu wakajaa njiani, maana uani hawakuenea. Desturi ilikuwa hivi: Jumbe huinua uso kwenye kilele, anauliza maswali matatu, anangoja kidogo, kisha anatamka jina linalomjia. Ndiyo maana nchi nzima ilijaa akina Mshika-Mawingu na akina Baba wa Upepo.

Jumbe akainua uso. Akaona anga tupu.

"Jumbe," akasema Sempombe, "huo ni mti au ni mboga?"

Watu wakacheka. Nakijwa akaunyooshea mti wake kidole.

"Kilele kiko huku chini, baba. Inama."

"Jumbe hainami," akasema Sempombe.

"Basi akae. Nitamletea kigoda."

Magoti ya mzee yakalia ko, ko, ko, mpaka akakaa, uso wake ukiwa kwenye majani. "Umetoka wapi?" akauliza. "Umeletwa na nani? Ukoje?"

Sauti ndogo ikamjibu. "Nimetoka Kwekikoro. Nimeletwa na Nakijwa. Nami ni mfupi, na nimemaliza kukua."

Jumbe nusura aanguke. "Miaka yote hii miti mingine haijanijibu hata siku moja."

"Hujibu," ukasema mti. "Ila midomo yake iko juu sana, na masikio yako yako chini. Ule wa mlangoni kwako hujibu kila siku."

"Husemaje?"

"Husema haupendi kuitwa Mshika-Mawingu."

Waliosimama karibu walisikia, wakawapasha wa mbali, na kicheko kikafika mpaka mtoni. Jumbe naye akacheka, kisha akatamka jina: Nakijwa wa Kwekikoro. Nyumba ikawa nyumba, na Sempombe akarudi kwa ndama wake. Ndiyo maana mti mfupi wa uani huitwa jina la aliyeuleta kwanza na mahali ulipotoka, lakini ile mirefu tunaiita kwa kubahatisha.

Mtu wa kwanza kuja kuomba kijiti alikuwa mke wa Sempombe. Wakafuata wengine, kila mwenye uwanja mdogo.

Sasa, Nakijwa hakujaliwa mtoto, wala mjukuu wa kurithi jina lake, na jambo hilo lilimuuma ingawa hakulisema. Asubuhi moja alikuwa anapita na vikapu vyake, akasikia mwanamke akimuuliza mwenzake kupitia ua, "Nakijwa wako ameamkaje leo?"

"Wangu mzima. Nimeshamnywesha maji."

Nakijwa akatua vikapu chini. Akacheka hadi machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke, maana yalikuwa ya furaha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye karibu na moto aufukie, twende tukalale.