Mzizi wa Kuro

Paukwa!

"Pakawa!"

Sauti gani hiyo? Hamjala? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Kuro. Nimesema Kuro. Si swala, si paa. Kuro ni yule mwenye duara jeupe matakoni, kama aliyekalia chokaa mbichi. Kila mnyama ana jina lake. Tusimulie kwa adabu.

Kuro alikuwa mkimbiaji. Kila kiangazi madume walikimbia kuuzunguka mlima, na ukoo wa mshindi ulikunywa kwanza bwawani, maji yangali maji. Waliofuata walikunywa tope.

Siku moja Kuro akaangukia kisiki. Akaumia mahali ambapo dume huweka nguvu zake. Wakubwa wamenielewa. Watoto, msiulize.

Jeraha likapona, Kuro hakupona. Miguu ikalegea. Shingo ikanywea. Alilala mchana, akaamka amechoka. Watoto wake wakanywa tope.

Akaenda kwa Mhanga, mganga mwenye kucha za kuchimbia. Mhanga akachimba, tifu, tifu, tifu, akatoa mzizi.

"Mwili wako hautengenezi tena nguvu ya kiume," akasema. "Mzizi huu utarudisha iliyopungua. Tafuna kidogo kila mwezi uandamapo. Usizidishe."

Kuro akatafuna, kacha, kacha. Taratibu akarudi kuwa Kuro.

Ndipo akamwendea Twiga, mwamuzi wa mbio, mbele ya wanyama wote.

"Mzee Twiga, natafuna mzizi. Sifichi. Nikimbie, nisikimbie?"

Twiga akawaza. Alikawia, maana shingo ile ni ndefu na wazo lina safari.

"Mzizi ukikufikisha walipo wenzako, kimbia. Ukikupitisha, kaa. Mhanga atakupima shingo kila mwezi, aone isifure kupita za wenzako."

Kongoni, mkimbiaji mwenzake, akaruka. "Haki gani hiyo? Yeye atafune, sisi tutazame?"

"Wewe unaumwa nini?" akauliza Mhanga.

"Mimi? Asubuhi nachoka!"

"Nani asiyechoka asubuhi, Kongoni?"

"Hata mimi nachoka," akasema Nyumbu. "Hasa nikikesha ngomani."

Mnaona mambo hayo? Jana wazima, wanapigana mateke. Leo wote wagonjwa!

"Ondokeni!" akasema Mhanga. "Mzima akitafuna mzizi huu, mwili wake huacha kazi. Mgeni akilima, wenyeji hukaa kivulini."

Walisikia? Hawakusikia. Mhanga alipokwenda kutafuta mchwa, wakaingia shimoni mwake, wakazoa mizizi. Wakatafuna kwa vinywa vilivyojaa, kacha kacha kacha! Shingo zikafura kama magunia. Wakapigana pembe, ko! ko!, kwa sababu ya kivuli. Wakapigana kwa sababu ya nzi.

"Sasa Kuro aje!" akanguruma Kongoni. "Aje na duara lake!"

Kisha mizizi ikaisha. Mbio bado.

Siku ya mbio ikafika. Twiga akaita. Kongoni akajaribu kusimama, magoti yakakunjika. Nyumbu akapiga miayo, akalala hapo hapo, na madume wengine vivyo hivyo.

"Bwana Mganga," akalia Kongoni, "safari hii tunaumwa kweli!"

"Safari hii nawaamini," akasema Mhanga. "Lakini dawa mmeila. Umebaki mzizi mmoja, niliokuwa nimeufukia kando, nao ni wa Kuro. Lala, ungoje mwili wako ukumbuke kazi yake."

Kuro akakimbia peke yake. Puku, puku, puku, mlima mzima. Akafika. Watoto wake wakanywa maji safi.

"Hongera, Kuro!" akasema Twiga.

"Ya nini? Nimemshinda nani? Nimepimwa shingo kila mwezi kama mbuzi wa mnadani, ili nikimpita Kongoni asiseme nimeiba. Kongoni mwenyewe huyo, anakoroma!"

Kuro akasimama kando ya Kongoni, akamgusa kwa kwato.

"Amka, ndugu yangu. Amka tukimbie."

Kongoni hakuamka.

Sasa nisikilizeni, maana sipendi kurudia. Dawa ni ya kuziba pengo, si ya kuongeza kimo. Mzima anayejifanya mgonjwa humnyang'anya mgonjwa dawa, humnyang'anya mshindi ushindi, na mwisho huupata ugonjwa alioudanganyia.

Hadithi yangu imeishia hapo, bwawani, maji yangali safi na mshindi amenuna. Na yule anayenong'ona huko nyuma: ni Kuro. Si swala.